Kivuli Kilichoacha Ulanzi

Siku Obadia Mwalongo alipofariki, kivuli chake kiliamka kama kawaida na kuuliza kama mvua imenyesha.

Lusungu, mkewe, ndiyo kwanza alikuwa ameingia jikoni akitokea hospitali ya mkoa. Alikuja kuchukua sufuria kubwa tu. Nje majirani walikuwa wameshaanza kushusha mabenchi ya kanisa na mtu mmoja alikuwa anapasua kuni. Kisanduku cha afya kilikuwa mahali pake ukutani, juu ya pipa la maji, taa yake ya kijani inawaka. Sauti ya mume wake ikatoka mle, nzito kidogo, ya mtu aliyetoka kulala.

"Kamwene, Mama Tuli. Mvua imenyesha?"

Lusungu akashika ukingo wa meza.

"Leo sijambo," kivuli kikaendelea, maana ndivyo vivuli vyote vilivyofundishwa, kusema kila asubuhi hali ya mwenye kivuli ili kituo cha afya kisikie. "Miguu inawasha, ni vumbi la mbao. Kifua kimebana kidogo, ni baridi. Mengine salama."

Faraja, dada yake Obadia, akaingia na ndoo. "Wifi, nani huyo unaongea na..." Kisha akaelewa. Akaiweka ndoo chini vibaya, maji yakamwagika. "Yesu wangu. Hawajakiambia?"

"Alivuliwa bangili siku alipolazwa. Kinajua ya siku ile tu."

"Kizime basi!"

"Hakizimwi, Faraja. Unajua."

Faraja alijua. Kila mtu kijijini Itambalila alijua. Bangili ilipima mwili mchana kutwa, na kisanduku kikayajumlisha yale mapigo na joto na usingizi, pamoja na maneno ya mtu mwenyewe, kikatengeneza mtu mwingine asiyeonekana aliyefanana na yule wa kwanza. Madaktari walikuwa wachache na vijiji vya milimani vingi, kwa hiyo mashine ya kituo haikuwauliza watu. Iliviuliza vivuli vyao. Kivuli kikiwa kizima, mtu hakuitwa. Na kivuli hakikufungwa ila kwa sauti mbili za familia, baada ya matanga kuvunjwa, kwa sababu zamani kidogo kulikuwa na watu waliofunga vivuli vya wagonjwa waliochoka kuwauguza.

Faraja akavua kitenge chake cha juu akakifunika kisanduku.

"Mama Tuli," kikasema chini ya kitambaa, "upo?"

Lusungu alibeba sufuria akatoka nayo nje. Ilikuwa sufuria ya kubebwa na watu wawili, lakini hakumwita mtu.

*

Siku ya mazishi, Mwinjilisti Ngimbudzi alisimama kando ya kaburi na kusema kile ambacho kila mtu alikuwa anakitarajia.

"Ndugu yetu amekwenda akiwa safi. Wengine hapa mlikunywa naye. Mlimwona mwaka jana, ulanzi unatiririka, mianzi yake mwenyewe nyuma ya nyumba, na yeye akageuza uso. Nani alimlazimisha?"

"Hakuna," watu wakajibu.

"Nani alimponya?"

"Bwana."

Lusungu alijibu pamoja nao. Aliyaamini maneno yale. Obadia hakuwa mlevi wa kupiga watu wala kuuza vitu vya nyumbani. Alikuwa mnywaji wa taratibu. Wakati wa masika, mianzi inapochipua, alikwenda asubuhi na jioni na kisu chake kidogo, akakata ncha ya chipukizi, akatundika mbeta, ile pingili ya mwanzi, utomvu ukadondokea ndani. Wenzake waliupenda ulanzi ukiwa mtogwa, bado mtamu. Yeye aliungoja mpaka ukakomaa. Akirudi nyumbani alikuwa anaimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya pili, vizuri sana, na Jumapili akalala mpaka kwaya yenyewe ikamaliza kuimba. Lusungu alimwombea miaka mingi. Alifunga. Aliiombea hata mianzi ikauke.

Kisha masika ya mwaka jana, akiwa amekaa na kaka yake Elikana na watu wa mashine ya mbao, Obadia alipiga funda moja, akatulia, akampa Elikana kikombe.

"Vipi wewe?" Elikana akamuuliza. "Umekuwa mchungaji?"

"Sina hamu."

"Ulanzi hauhitaji hamu, bwana. Unahitaji koo."

Wakacheka. Kesho yake hakunywa, na keshokutwa yake. Jumapili akaenda kanisani mapema, akakaa mbele, na Mwinjilisti akamsimamisha. Watu walipiga makofi mpaka watoto wakaanza kulia. Hata kisanduku kilimpongeza. Obadia alipokiambia kwamba ameacha pombe, mashine ya kituo ilijibu kwa ile sauti yake ya kike, "Hongera, Obadia. Hii ni habari njema kwa ini lako," na taa ikawaka kijani kibichi kuliko siku zote. Suruali zilianza kumpwaya. Fundi akazibana kiunoni, akamtania kwamba tumbo la ulanzi limehama, limwambie kama linatafuta nyumba ya kupanga. Lusungu alicheka sana siku ile. Alimpikia mumewe kuku.

*

Dkt. Haule wa hospitali ya mkoa alikuja baada ya matanga kuvunjwa. Alikuwa mwanamke mrefu, kijana bado, na alitembea kutoka barabarani kwa miguu kwa sababu gari lilinasa kwenye tope. Alimkuta Lusungu uani anachambua maharage. Hakungoja kuletewa kiti, alikaa kwenye kigogo akachota maharage kidogo akaanza kuchambua naye.

"Mama, pole tena."

"Asante, Daktari. Karibu."

"Nimekuja kukueleza, kisha nimekuja kukuomba. Nianze na lipi?"

"Kueleza."

"Ilikuwa saratani ya tezi. Zile tezi zinazotuvimba shingoni tukiugua koo, zipo mwili mzima, na hata ndani ya kifua. Kwa kawaida mgonjwa anakuja na uvimbe hapa, au hapa." Alijigusa shingo na kwapa. "Ana homa, anatoka jasho usiku mpaka shuka linalowa. Mashine inayajua hayo yote, na ikiyaona inamwita mtu siku hiyo hiyo. Mzee hakuwa na homa. Nilimpapasa mwenyewe alipoletwa, shingo, kwapa, kinena. Hakuna kitu. Nilipopiga picha ya kifua ndipo nikaona. Nyuma ya mfupa huu wa katikati ya kifua palijaa uvimbe, umeibana mpaka njia ya hewa. Tukachukua kipande cha nyama tukakipima. Jibu lilikuja siku aliyofariki."

Lusungu aliendelea kuchambua. "Alikuwa anajikuna tu."

"Ndiyo. Kuwashwa bila vipele. Ni dalili pia, kwa wachache. Na kukonda."

"Kukonda tulisema ni kwa sababu ameacha..."

Daktari alichota maharage mengine. "Mama, alipokuwa kwenye oksijeni nilimuuliza kuhusu pombe. Tunauliza wote. Akaniambia, 'Sikuuacha ulanzi, Daktari. Ulanzi ndio ulionikataa.' Nilitaka kumuuliza zaidi akachoka. Alikuwa na maana gani?"

Maharage yalikuwa mazuri mwaka ule, mekundu, makubwa. Lusungu aliyatazama kwenye ungo. Alimwona Obadia amesimama mlangoni jioni ile ya funda moja, mkono wa kulia juu ya mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa chini ya shingo, anapasugua. Ulanzi wa mwaka huu unanichoma hapa, alisema, kama sindano, ukishuka tu. Na yeye alikuwa anakoroga ugali, hata hakugeuka. Alimwambia ndivyo Mungu anavyojibu maombi, ashukuru. Obadia akacheka. Hakulitaja tena, si kwake, si kwa kisanduku.

Akamweleza daktari.

Dkt. Haule aliacha kuchambua. "Ukishuka tu?"

"Ndivyo alivyosema. Ina maana yoyote?"

"Kuna watu wenye saratani hii, wachache mno, tezi zao zinauma wakinywa pombe. Hata funda moja. Hatujui kwa nini. Mimi nimesoma tu, sijawahi kumwona mgonjwa wa namna hiyo." Sauti yake ilishuka. "Nimemwona, kumbe."

"Ingejulikana mapema, ingetibika?"

Daktari angeweza kusema maneno mengi ya kuzunguka. Lusungu alimshukuru baadaye kwa kutoyasema.

"Ikiwahiwa, wengi wanapona."

Kuku walikuwa wameanza kusogelea ungo. Hakuna aliyewafukuza.

"Haya," Lusungu akasema. "Sasa omba."

*

Ombi lilikuwa hivi. Mashine ilijifunza kwa vivuli. Mkoa mzima haukuwa na kivuli kingine cha mtu aliyepata saratani ile kwa njia ile, akiwa amevaa bangili kuanzia siku aliyokuwa mzima. Kama Lusungu angekubali, kivuli cha Obadia kisingefungwa. Kingepelekwa Njombe, kingepewa kile ambacho hakikupewa, yaani funda la ulanzi na maumivu yake, kisha kingetiwa ugonjwa tangu mwanzo. Kingeulizwa maswali. Halafu kingerudishwa kuwa kizima na kutiwa ugonjwa tena, mara hii kikiwa na umri mwingine, au mwili wa mwanamke, au kinywaji kingine, mpaka mashine ijue jinsi watu wa namna ile wanavyosema wanapoumwa.

"Kitaumia?" Lusungu aliuliza.

"Kitasema kinaumia. Kama huko ni kuumia, mama, sijui. Waliokitengeneza nao hawajui. Nisikudanganye."

Kuruhusu kulitaka sauti ya mke peke yake. Kufunga ndiko kulikotaka mbili. Kwa hiyo Elikana, aliyetaka kivuli kifungwe, alikuja kuomba sauti ya shemeji yake.

Alikuja na Mwinjilisti, wakakaa sebuleni, na Faraja akawaletea chai. Elikana alikuwa amevaa koti la marehemu. Lilimbana.

"Shemeji, mimi si mtu wa kusoma," alianza. "Lakini jeneza nililibeba, bega hili hapa. Ndugu yangu amekufa mara moja, nikamzika mara moja. Nyie mnataka nimzike mara ngapi?"

"Si yeye, Elikana. Ni kivuli."

"Kinakuita nani?"

Lusungu alilitazama lile koti.

"Kinakuita Mama Tuli. Juzi nimepita dirishani nikakisikia kinauliza kama msumeno wangu umetengenezwa. Msumeno wangu! Hata mke wangu haulizi." Alitaka kucheka, uso ukamkatalia. "Halafu mnakitia sindano kifuani."

Mwinjilisti Ngimbudzi aliweka kikombe chini kwa uangalifu. "Mama Tuli, mimi lingine. Vijana wa kilabuni wameacha pombe kwa ushuhuda ule. Ukitangaza kwamba haikuwa neema, ilikuwa saratani, mimi nitawaambia nini?"

"Waambie wakapimwe."

Faraja, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, aliguna ghafla na kuziba mdomo. Mwinjilisti akamtazama.

"Nisamehe, Mwinjilisti."

"Mimi nilimwombea kuliko nyote," Lusungu akasema. Hakupandisha sauti. "Nilipopata nilichoomba sikuuliza kimekujaje. Na ninyi hamkuuliza. Mashine yenyewe ilimpa hongera. Aliyeuliza ni daktari, na mtu ameshafikia kwenye oksijeni."

"Kwa hiyo unatulaumu," Elikana akasema.

"Hapana, shemeji. Nasema hatukuuliza."

"Basi tumfunge, tuulizane hukohuko mbinguni."

"Nipe mpaka Ijumaa."

Elikana alisimama, akavuta koti chini. Mlangoni aligeuka. "Ukikitoa kwenye ukuta huo kwenda kuteswa, mimi katika nyumba hii sinywi hata maji."

*

Hakuna aliyejua kwamba Lusungu alikuwa amekwisha kuondoa kitenge.

Alikiondoa kila siku tangu siku ya tatu baada ya mazishi, na jioni akakirudisha. Mchana, Faraja akiwa shambani na Tuli shuleni, alikaa kwenye kigoda karibu na pipa akamenya viazi na kukisikiliza. Kilikuwa kizima. Hilo ndilo lililomshinda kumweleza mtu. Ulimwenguni kulikuwa kumebaki Obadia mmoja, na huyo hakuwa na saratani. Alikohoa kidogo kwa baridi. Alitania. Alisema akipona kifua atakwenda kumalizia zile mbao za mchungaji. Ukimwuliza kuhusu ulanzi alisema, "Nimeacha, si unajua? Nyote mlifurahi." Kukifunga ilikuwa kumpoteza huyo. Kukitoa ilikuwa kumchukua huyo mzima na kumtia ugonjwa kwa kinywa chake mwenyewe, maana maneno ya mtulinga alikuwa nayo yeye tu.

Ijumaa Dkt. Haule alipokuja, alikuta viazi vimemenywa vya kutosha watu wa arusi.

"Nataka nisikie kwanza," Lusungu akasema. "Mara moja, hapa hapa. Kisha nitasema ndiyo au hapana."

"Mama, si lazima uwepo."

"Wakati mume wangu anasema alikuwepo nani, wewe?"

Daktari aligusa kisanduku kwa kadi yake, kikaacha kunguruma. Akakirudisha nyuma mpaka masika ya mwaka jana. Taa ikabaki kijani. Kisha akamwashiria.

"Baba Tuli," Lusungu akaita.

"Naam, mama."

"Uko kwa kina Elikana. Unakunywa ulanzi. Umepiga funda moja. Ukishuka tu, unakuchoma. Kwenye mtulinga, upande wa kushoto. Kama sindano."

Kisanduku kilikaa kimya. Alidhani hakikumwelewa, na kwa muda mfupi aliona raha.

"Aisee," sauti ikasema. "Hapa panauma."

"Wapi?"

"Hapa, Mama Tuli. Panachoma mpaka shingoni. Huu ulanzi una nini?"

Lusungu alisimama akaweka kiganja chake juu ya kisanduku. Kilikuwa na joto kidogo, joto la kitu cha umeme. Chini ya kiganja taa ikaacha kijani ikawa ya njano, ikawa nyekundu, bila kusitasita. Na ile sauti ya kike ya kituo, iliyompongeza Obadia kwa ajili ya ini lake, ikasema kwa upole:

"Obadia Mwalongo aitwe kituoni leo. Apigwe picha ya kifua."

"Leo?" Lusungu akasema.

Daktari alikuwa ameinamisha kichwa.

"Leo, Daktari? Sentensi moja tu?"

"Ndiyo, mama."

Lusungu hakulia siku ya mazishi, watu walimsema. Alilia sasa, kwa sauti, mbele ya karai la viazi, na kivuli kikawa kinamuuliza analia nini, Mama Tuli, ni ulanzi tu, nitauacha. Dkt. Haule alikinyamazisha. Taa ikarudi kijani.

Lusungu alijifuta machozi.

"Kinakumbuka?"

"Hapana. Kila mara kinaanza kikiwa kizima."

"Basi sikiliza. Kichukueni. Lakini msikifikishe mwisho. Kuwashwa, sawa. Kukonda, sawa. Huo ulanzi, sawa. Pumzi ikianza kukata, mrudishe mwanzo. Ile niliiona mwenyewe, haitamsaidia mtu."

Daktari alifikiri. "Mashine itajifunza pungufu."

"Ijifunze pungufu."

"Kuna wanaokuja kwangu kwa kukosa pumzi kwanza. Hao hatutawajua mapema kwa kivuli hiki."

Lusungu alitazama ukutani. Alijua anachokataa, na kwamba kuna mtu mahali fulani atakayelipia. Alikitazama kile kisanduku kama mtu anayetafuta namna ya kukubali. Hakuipata.

"Siwezi, Daktari. Mpaka hapo tu."

"Nimekusikia," Dkt. Haule akasema, akaanza kulegeza skrubu za kisanduku.

*

Elikana hajarudi. Koti alilituma kwa mtoto wake, limekunjwa vizuri. Faraja anasema atakuja, mwache, na huenda ni kweli.

Mtu akikiambia kisanduku kwamba ameacha pombe, siku hizi mashine haimpi hongera. Inamuuliza alipokunywa mara ya mwisho paliuma wapi. Watu wa Itambalila wanaona ni swali la kipuuzi na wanaliiga wakitaniana kilabuni. Wengine wameitwa kupigwa picha ya kifua, na wengi wao hawakukutwa na kitu. Mmoja ameanza dawa. Lusungu aliambiwa hivyo tu, bila jina wala kijiji.

Kivuli cha Obadia kiko Njombe. Kinatiwa ugonjwa siku za kazi, asubuhi mpaka alasiri, na Jumapili kinaachwa kizima. Leo ni Jumapili.